Vikombe vya kahawa vya "mmea, vinaoza": hapa Kigoma vitaozea wapi?

KahawaStesheni

Wakuu, habari za jioni. Naandaa kibanda cha kahawa na chai ya maziwa karibu na stesheni ya Kigoma, na baadaye kingine kidogo mwaloni Kibirizi. Kahawa ni arabika ya Kalinzi, inakaangwa hapa hapa. Makadirio ni vikombe 150 kwa siku vya kuondoka navyo, siku 26 kwa mwezi. Wanaokunywa wamekaa watapewa kauri, hao hawanisumbui.

Muuzaji wa jumla kutoka Dar amenitumia sampuli tatu na kusema zote ni za mmea na zote zinaoza.

Aina A ni karatasi nyeupe, ndani inang'aa kidogo, kitakoni kuna herufi PLA. Aina B ni ya rangi ya kaki, ina picha ya jani tu, hakuna maandishi mengine. Aina C ni ya uwazi kama glasi, ina pembetatu yenye namba 7 na chini yake PLA.

Nataka kujua mambo matatu. Nitapimaje mwenyewe kama muuzaji anasema kweli? Vitastahimili chai inayotoka jikoni ikiwa ya moto sana? Na nyuma ya nyumba kule Gungu nina eneo la hatua kumi kwa kumi: nikivizika au nikivitia kwenye lundo la mboji vitaoza? Sitaki nilipie kikombe ghali halafu kiishie mtaroni kama vingine.

---

UtandoNaKaratasi

Mkuu, tuanze na jambo ambalo wauzaji hulipita haraka. Hakuna kikombe cha kahawa cha karatasi ambacho ni karatasi tupu. Karatasi tupu ikikutana na maji ya moto hulegea, kwa hiyo upande wa ndani hufunikwa na utando mwembamba. Kwenye kikombe cha kawaida utando huo ni polithini, jamii ile ile ya mfuko wa rambo, na huchukua takriban asilimia 5 ya uzito wa kikombe. Kinachoitwa kikombe cha mmea mara nyingi ni karatasi ile ile iliyobadilishiwa utando.

Sasa tenganisha maneno mawili ambayo muuzaji wako ameyafunga fundo moja: "kimetokana na mmea" na "kinaoza". Ipo polithini inayotengenezwa kwa ethanoli ya miwa, Brazili wanaizalisha kwa wingi. Chanzo chake ni mmea kabisa, lakini ikishakuwa polithini ni polithini, haiozi. Kinyume chake pia kipo: plastiki nyingine zina mafuta ya petroli ndani yake na zinaoza kwenye mboji. Kinachoamua kuoza ni jinsi molekuli zilivyounganishwa. Shamba zilikotoka haliamui chochote.

PLA, zile herufi za kwenye sampuli zako, ni plastiki inayopatikana kwa kuchachusha sukari ya mahindi, miwa au mihogo mpaka itoke asidi ya laktiki, ile ile inayofanya mtindi uwe mchachu. Asidi hiyo huunganishwa kuwa minyororo mirefu na hapo inakuwa plastiki ngumu. Udhaifu wake kwa kazi yako ni joto: huanza kulainika kati ya nyuzi 55 na 60 za Selsiasi.

Kwa hiyo aina C ni ya juisi na maji baridi tu. Ukiitia chai ya nyuzi 80 itajikunja mkononi mwa mteja na kumwagia. Usiijaribu hata siku moja vikombe vingine vikikuishia. Hata ukiiweka stoo yenye bati bila dari, au ikikaa ndani ya gari lililofungwa juani, vikombe vitapinda na kugandana.

Aina A ni jambo tofauti. Pale PLA ni utando tu, umbo linabebwa na karatasi, kwa hiyo chai ya moto haikivunji. Kinachoweza kukuangusha ni mshono wa ubavuni na kitako, kwa sababu PLA inataka joto sahihi kiwandani ili ishike vizuri. Pima hivi: chukua vikombe kumi kutoka boksi, vitano vya juu na vitano vya chini, jaza maji ya nyuzi 90 (yaliyochemka yakapumzika dakika mbili tatu), viweke juu ya karatasi kavu ya daftari kwa dakika 30. Duara la unyevu chini ya kitako au mstari kwenye mshono ukitokea kwa kikombe hata kimoja, pima vingine ishirini. Unyevu ukionekana tena, rudisha boksi. Rudia na chai ya maziwa, maana mafuta ya maziwa hupenya mahali ambapo maji hayakupenya.

Mifuniko usiisahau. Ya kahawa ya moto inapaswa kuwa ya CPLA, yaani PLA iliyopikwa ikawa na chembe za fuwele ndani yake. Huwa haipitishi mwanga, nyeupe au nyeusi, na huvumilia mpaka karibu nyuzi 85. Mfuniko wa uwazi wa PLA kwenye kahawa ya moto utalegea na kuchomoka.

Kuhusu kumpima muuzaji, ipo njia ya jikoni inayotegemea uzito. Polithini ina gramu 0.92 kwa kila mililita, nyepesi kuliko maji. PLA ina 1.24, nzito kuliko maji. Chana kipande cha ubavu wa kikombe, ukiepuka mshono, kiloweke kwenye maji ya moto yenye kijiko kimoja cha magadi laini kwa saa tatu au nne. Karatasi ikishalegea isugue kwa kidole taratibu mpaka ubaki na ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Hapa ndipo watu hukosea: wakiacha nyuzi za karatasi zimeshikamana, zinavuta ngozi chini na kipimo kinadanganya. Sugua mpaka iwe safi kabisa. Kata kipande cha sentimita 2, kitie kwenye glasi ya maji safi yenye tone moja la sabuni, kizamishe kwa uma na ukipapase ili mapovu ya hewa yatoke. Kiachie.

Kikielea ni polithini au ndugu yake polipropilini, hakiozi, hata kama boksi limechorwa msitu mzima. Kikizama bado hujamaliza, kwa sababu PET (plastiki ya chupa za maji) nayo huzama. Tengeneza maji ya sukari: gramu 150 za sukari kwenye mililita 100 za maji ya moto, koroga yote iyeyuke, acha ipoe kabisa. Maji hayo yana uzito wa karibu 1.29. PLA itaelea juu yake, PET itazama. Yatakuwa mazito, kwa hiyo subiri dakika tano kabla ya kuamua. Utando uliochanganywa na unga wa madini huwa mzito zaidi na unaweza kuvuruga vipimo hivi, hata polithini ikazama, ila kinachoelea kwenye maji ya kawaida hakiwezi kuwa PLA.

Na kama hukupata ngozi yoyote, kikombe chote kikawa uji wa karatasi, huenda kimepakwa dawa ya maji badala ya utando. Hapo kipimo hiki hakisemi kitu, dai cheti.

---

MzeeWaMwanga

Naomba kuuliza wataalamu. Mkoa huu na jirani zetu wa Tabora tuna nta ya nyuki ya kutosha, na mihogo ndiyo chakula chetu. Kwa nini tuagize PLA kutoka nje wakati karatasi ya kawaida inaweza kupakwa nta hapa hapa? Au kikombe kikatengenezwa kwa wanga wa mihogo?

---

UtandoNaKaratasi

Shikamoo mzee. Swali ni zuri na watu wengi wanalifikiria. Kwa nta jibu liko kwenye joto lake la kuyeyuka, nyuzi 62 hadi 65. Kahawa hutolewa ikiwa nyuzi 70 hadi 85. Nta itayeyuka, itaelea juu ya kahawa kama mafuta, na karatasi itabaki wazi. Nta ya mkarnauba, mti wa Brazili wa jamii ya mchikichi, huyeyuka kwenye 82 hadi 86, nayo haikuachii nafasi ya kutosha. Mawese ndiyo kabisa, huku kwetu huwa laini hata bila moto. Lakini kwa vitu vikavu au baridi (karanga, kashata, vipande vya nanasi) karatasi iliyopakwa nta ni kifungashio kizuri na inaoza yenyewe, ila uhakikishe nta ni safi na haikuchanganywa na nta ya petroli (parafini).

Wanga wa mihogo unawezekana: uji mzito wa wanga, maji na nyuzi humiminwa kwenye kalibu ya chuma yenye nyuzi 180 hadi 200, maji yanageuka mvuke na kuumua, unapata umbo gumu lenye vitundu kama maandazi. Tatizo ni kwamba wanga hunywa maji. Sahani ya chakula kikavu ni sawa, kikombe cha chai kitalegea mteja hajafika nusu. Ili ushike unaupaka utando, na unarudi pale pale kwenye swali la utando upi.

Nyuzi za miwa zilizokandamizwa nazo huuliziwa sana. Ni nzuri kwa sahani. Kwa kikombe cha moto huchuja taratibu kama hazikutiwa kinga, na kinga iliyotumika kwa miaka mingi ni kemikali za jamii ya PFAS, ambazo hazivunjiki kwenye udongo wala kwenye mwili. Ukizinunua, dai maandishi kwamba hazina PFAS. Kiwango cha EN 13432, cha vifungashio vinavyooza kwenye mboji, kinaweka kikomo cha florini (kemikali iliyomo ndani ya PFAS), miligramu 100 kwa kilo, na hapo ndipo nyingi za zamani zilianguka.

---

LundoLaMboji_Gungu

Nachukua swali la tatu, la lundo, kwa sababu ndilo litakaloamua kama fedha yako imeenda mahali pake.

Kuvizika: hapana. Udongo wetu una nyuzi ishirini na kitu. PLA haianzi kuliwa na vijidudu mpaka kwanza minyororo yake ikatwe na maji, na maji huikata kwa kasi ya maana pale tu plastiki yenyewe imelainika, yaani kuanzia kama nyuzi 58. Chini ya hapo inakaa tu. Utakachokiona ukifukua ni mchwa wamemaliza karatasi na kuacha ngozi nzima ya utando, safi kama imeoshwa. Wengi wakiona karatasi imeisha hudhani kikombe kimeoza. Kilichooza ni ile sehemu ambayo ingeoza hata kwenye kikombe cha kawaida.

Viwango vyenyewe vinasema hivyo ukivisoma kwa makini. EN 13432 ya Ulaya inataka asilimia 90 ya kitu imeng'enywe ndani ya miezi 6, na ndani ya wiki 12 kisibaki zaidi ya asilimia 10 kwenye chekeche la milimita 2. Lakini hiyo ni hali ya kiwanda cha mboji, karibu nyuzi 58, unyevu na hewa vinasimamiwa. Hapa Kigoma kiwanda cha namna hiyo ni wewe mwenyewe ndiye utakijenga, kwa hiyo tuseme kinavyojengwa.

Kwanza ukubwa. Vikombe 150 kwa siku 26 ni 3,900 kwa mwezi. Kikombe cha mililita 240 kina uzito wa kama gramu 9, hivyo ni kilo 35, na utando ndani yake haufiki kilo mbili. Tuseme nusu vinarudi: kilo 18 hivi. Kilo 18 za karatasi peke yake haziwezi kupata moto hata ukizifunika na blanketi, karatasi haina naitrojeni. Lundo hulishwa kwa vitu vingine, vikombe vinasafiri humo kama abiria.

Kipimo cha mwezi mmoja, kwa ndoo ya lita 20: ndoo 10 za vikombe vilivyochanwa, ndoo 15 za samadi mbichi ya ng'ombe, ndoo 20 za majani mabichi na mabaki ya soko (maganda ya ndizi, kabichi, majani ya migomba yaliyokatwakatwa), ndoo 8 za machicha ya kahawa, ndoo 7 za majani makavu au pumba za mpunga. Jumla ndoo 60, zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo. Uwiano wa kaboni kwa naitrojeni unatoka karibu 26 kwa 1, na ukitaka moto inafaa uwe kati ya 25 na 30. Machicha usiyadharau, yana uwiano wa karibu 20 kwa 1. Yanaonekana makavu na ya kahawia, lakini kwenye lundo yanafanya kazi ya majani mabichi.

Chana vikombe. Hili silisemi kwa mazoea. Vikombe vikiingia vizima hupachikana, kila kimoja kinashika hewa na kukinga maji, katikati ya lundo unapata mapango makavu yasiyo na moto. Panga na gogo vinatosha: kata vipande vya sentimita 3 hadi 5, vitupe kwenye pipa la maji yaliyobaki ya kuoshea machicha, vilale humo usiku mmoja. Mifuniko ya CPLA itoe. Ni minene, itakuchukulia miezi mingi zaidi.

Panga kwa tabaka za kiganja kimoja na umwagie maji kila tabaka. Kamata konzi moja na uikamue kwa nguvu: yakitoka matone mawili matatu unyevu ni sawa, kama asilimia 55. Yakichuruzika ongeza pumba. Usipopata hata tone ongeza maji. Lundo linyanyuke angalau mita moja na robo, maana litashuka. Funika na majani ya migomba, juu yake magunia. Masika funika na turubai lakini acha pembeni wazi, mvua ya Machi ikilizamisha litanuka yai bovu na moto utazimika siku hiyo hiyo. Juni hadi Septemba shida inageuka, upepo unalikausha, mwagia kila unapopindua.

Moto upime. Kipimajoto cha nyama chenye sindano ndefu ndicho kizuri. Usipokuwa nacho, choma nondo ya milimita 10 mpaka katikati, iache dakika 15, ichomoe. Ukiweza kuishika bila wasiwasi lundo liko chini ya 50. Ukiishika na kuiachia papo hapo uko eneo la 60. Siku ya tatu au ya nne linapaswa kuwa limefika. Likipita 65 pindua, kwa sababu juu ya hapo vijidudu vyenyewe wanakufa. Kupindua ni kila siku ya nne kwa wiki tatu, cha nje kiingie ndani.

Sasa ukweli ambao vipeperushi havisemi. Lundo la mita moja ya ujazo hukaa juu ya nyuzi 55 kwa siku kumi hadi kumi na nne, kisha linapoa. Muda huo mara nyingi hautoshi PLA iishe. Utapata mboji nzuri yenye vipande vya ngozi ndani yake, vimekuwa vyeupe na vinavunjika vidoleni. Usivunjike moyo na usivipeleke shambani. Pitisha mboji kwenye wavu wa matundu ya milimita 10, kinachobaki juu kirudishe kwenye lundo jipya. Kipande kikipita mara mbili au tatu hivi kinaisha. Ukiweza kujenga lundo la mita moja na nusu kila upande, ambalo ni zaidi ya mita tatu za ujazo, moto utadumu muda mrefu zaidi na utarudisha kidogo. Kipande ambacho baada ya kupita mara ya tatu bado ni laini, kinanyumbuka na hakina doa, shuku kuwa ni polithini iliyokupenya.

Au epuka vita vyote hivi kwa kununua kikombe chenye utando tofauti. Waulize kama wana chenye alama ya OK compost HOME ya TÜV Austria, shirika linalotoa vyeti. Hicho kimepimwa kwa nyuzi 20 hadi 30, lazima kisambaratike ndani ya miezi 6 na kimeng'enywe asilimia 90 ndani ya miezi 12. Hiyo ndiyo hali ya lundo la kawaida la Kigoma. Utando wake huwa wa PBS au PHA, plastiki nyingine zinazooza, badala ya PLA. Mimi ningelipa zaidi kwa hicho kuliko kulipia PLA na kuishi nikipima nondo.

---

MwaloWaKibirizi

Nyongeza upande wa ziwa, kwa sababu kibanda cha pili kitakuwa mwaloni na pale upepo wa mchana hauchagui kikombe.

Maji ya juu ya Tanganyika yana nyuzi kama 25 mwaka mzima, na chini kabisa kwenye mita 1,470 ni karibu 23. Hakuna mahali ziwani penye nyuzi 58. Kikombe cha PLA kikiingia majini, karatasi italoweka na kusambaratika, utando utajitenga na kuzama, maana ni mzito kuliko maji. Ukifika chini ya mita 100 hadi 200 ni eneo lisilo na oksijeni, huko hata vijidudu wanaooza vitu kwa kasi hawapo. Kwa samaki na kwa nyavu, utando wa PLA ni plastiki kama nyingine. Kati ya tando tulizozitaja, PHA ndiyo inayoliwa zaidi na bakteria wa majini, na bado inategemea unene wake. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku baadhi ya plastiki za kutumia mara moja kuanzia Julai 2021, PLA iliwekwa kundi moja na plastiki nyingine, haikupewa upendeleo kwa kuwa ya mmea.

Kwa hiyo Kibirizi usitegemee kuoza kabisa. Tegemea kikombe kurudi. Watu wetu wanaijua vizuri amana ya chupa ya soda: ukiondoka na chupa unaacha fedha, ukirudisha unachukua. Fanya hivyo hivyo kwa kikombe cha chuma cha pua au bilauri nene. Wavuvi na wapakuzi wako pale kila siku, watarudi. Ujiji wauza kahawa wanatembea na dele na vikombe vidogo vya kauri miaka yote hii, wala hawazalishi taka yoyote.

Kinachoua utaratibu huu ni uoshaji, mteja akiona ndoo moja ya maji machafu hatarudi. Beseni tatu: la kwanza maji ya uvuguvugu na sabuni na brashi, la pili maji safi ya kusuuza, la tatu maji ya dawa ya klorini, mililita 30 za ile ya asilimia 3.5 kwenye lita 10 za maji, kikombe kizame dakika moja. Kisha kining'inie kikauke kwa hewa, usikifute na kitambaa. Maji ya dawa badilisha kila saa mbili tatu au mara yakianza kuwa na mafuta ya maziwa, kwa sababu uchafu hula klorini na inabaki jina tu.

Wasafiri wa treni ni kweli hawarudi. Anayekuja na kikombe chake au chupa yake ya chai mpunguzie bei, mmiminie bila mdomo wa birika kugusa chombo chake. Wengine ndio wa kikombe cha karatasi.

---

KahawaStesheni

Shukrani sana wakuu, mmenifungua macho. Nimefanya kipimo cha maji leo. Ngozi ya A imezama kwenye maji ya kawaida na imeelea kwenye maji ya sukari. Ngozi ya B imeelea kwenye maji ya kawaida, nimerudia mara tatu kwa vipande tofauti. Muuzaji nimempigia, anasema B ina "dawa" ndani yake inayoifanya ivunjike yenyewe ikikaa juani. C nimeiweka pembeni kwa ajili ya juisi.

Je, hiyo dawa inabadilisha chochote? Na nimuandikie nini kabla sijalipa boksi hamsini za A au za aina ya HOME?

---

UtandoNaKaratasi

Hiyo dawa ndiyo inayokufanya uikatae B mara moja. Ni chumvi za metali zinazoifanya polithini ikatike vipande vidogo sana kwa jua na hewa. Haionekani tena, lakini haijaoza, imesagika. Zile huandikwa "oxo" kwenye boksi, na Ulaya zilipigwa marufuku siku ile ile ya Julai 2021 aliyoitaja mwenzangu. Kwenye lundo lako la mboji B ni sumu ya biashara: utachekecha milimita 10 na vipande vitapita vyote.

Usichanganye kamwe aina mbili za vikombe kibandani. Ukiwa na A leo na B kesho kwa sababu boksi limechelewa njiani, pipa lote la urejeshaji halina maana tena, hakuna wa kuvitofautisha vikishakuwa na machicha.

Muandikie hivi. Utando ni wa kitu gani na ni gramu ngapi kwa mita ya mraba. Cheti ni cha kiwango gani, namba ya cheti ni ipi, na kimetolewa kwa jina la kiwanda gani. Kisha wewe mwenyewe itafute namba hiyo kwenye orodha ya mtoa cheti mtandaoni, uone kama bidhaa iliyotajwa ni kikombe kamili, kwa sababu wapo wanaoonyesha cheti cha punje za PLA tu huku kikombe chenyewe, wino na gundi havikupimwa. Omba maandishi ya kutokuwa na PFAS. Omba tarehe ya kutengenezwa: unyevu na joto hukata PLA taratibu hata ikiwa stoo, na mshono ndio wa kwanza kuachia, kwa hiyo usipokee mzigo wenye zaidi ya miezi sita ukijua utakukaa mingine sita.

Na boksi hamsini ni nyingi. Boksi la kawaida lina vikombe 1,000, hapo unanunua mwaka mzima na zaidi. Chukua boksi nne, ndiyo mwezi wako. Zipange juu ya chaga, sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa jua la jioni na mbali kabisa na jiko la mkaa. Usivitoe kwenye mfuko wake mpaka siku ya kutumia, mdomo wa kikombe ukinywa unyevu wa masika mfuniko haukai.

---

LundoLaMboji_Gungu

Lundo la kwanza lianze wiki mbili kabla ya kufungua kibanda, bila vikombe, ili upate mkono. Na hifadhi ndoo mbili za mboji ya moto ya lundo hilo, uzichanganye kwenye lundo la pili siku unayolipanga. Samadi tafuta ya zizini ya siku chache, ile iliyokauka juani miezi miwili haitakupa moto hata uongeze ndoo 30.